Mwanangu, utatoka saa ngapi?

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo. Baba yako anaendelea, mdogo wako yuko kwenye mitihani na anakula vizuri. Mimi ndiye sijalala sawasawa tangu ulipopiga simu juzi. Nimeona niandike barua, kwa sababu kwenye simu nikianza tu unasema, "Mama, kuna mtu mwingine anapiga," nami nabaki na maneno yangu mdomoni. Kwenye barua hapigi mtu mwingine.

Kwanza hongera. Nimemwambia kila mteja aliyeingia hapa, hata yule anayefuatilia gauni lake tangu mwezi uliopita, na habari ilivyokuwa tamu akasahau kugomba. Umepanda cheo kwa akili yako na kwa kukesha kwako, hakuna aliyekubeba. Hilo nimelisema na nitalisema tena mbele ya yeyote.

Lakini mama, uliposema, "Kuanzia mwezi ujao sitoki tena, kazi yote naifanyia chumbani," ulicheka kama mfungwa aliyefunguliwa, na mimi nikasikia mlango ukifungwa. Kutoka kitandani hadi mezani kwako ni hatua ngapi? Nane? Kutoka mezani hadi jikoni, sita? Siku nzima itaishia hapo. Basi niambie: utatoka saa ngapi? Swali langu ni hilo tu, na barua yote hii ni hilo hilo hata nikizunguka.

Mpaka sasa ulikuwa unaenda kituoni kwa miguu, unasimama ndani ya basi, unapanda hadi ghorofa ya nne kila lifti inapogoma. Miaka mitatu umenilalamikia ngazi hizo. Kumbe ndizo zilizokuwa zinakulea. Zoezi lako lote la wiki lilijificha ndani ya usumbufu. Sasa wamekuondolea usumbufu, na zoezi limeondoka nao.

Na usidhani sikusikia ulichopenyeza katikati ya maneno. Ulisema miguu inavimba jioni, viatu vinabana. Ukasema walipowapima kazini presha yako "imepanda kidogo tu". Yote mawili uliyasema haraka haraka, kama mtu anayeleta kitambaa chenye doa na kukikunja doa likae ndani. Fundi ameliona. Una miaka 31.

Habari ya miguu nitakueleza mimi, maana yangu ilivimba miaka na miaka nikasingizia joto. Damu ikishuka hadi nyayoni lazima irudi juu, na moyo peke yake haumalizi kazi hiyo. Wanaoisukuma irudi ni misuli ya mashavu ya miguu: kila ukipiga hatua inakaza na kuibana mishipa, damu inapanda, na ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyoizuia isiporomoke tena. Ukikaa saa nne bila kuinuka, pampu umeizima mwenyewe. Maji yanajikusanya vifundoni. Ndiyo sababu kiatu kinaingia asubuhi na jioni kinakataa.

Lakini shika hili vizuri. Miguu yote miwili ikivimba jioni na kunywea usiku, hiyo ni habari moja, na kwa daktari utaitaja. Mguu mmoja peke yake ukivimba, ukauma shavuni, ukawa wa moto au ukabadilika rangi, hiyo si ya kuinulia mguu juu ya mto. Ni ya hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge likichomoka likafika mapafuni linaweza kuua. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, usinipigie mimi kwanza.

Unajua nilikoyatoa haya yote. Ya sukari yangu unayo, siyarudii. Tangu wakati ule mdogo wako ndiye msomaji wangu. Jioni ananisomea kwenye simu, mimi naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele viuno vya watu, nyuma magonjwa yao. Baba yako anasema siku moja nitachanganya kurasa nimshonee mtu suruali ya upana wa presha.

Kati ya yote aliyonisomea, lililonishika ni lile la mabasi ya London, nadhani kwa sababu lina suruali ndani yake. Daktari mmoja aitwaye Jerry Morris na wenzake walitaka kujua kwa nini maradhi ya moyo yanaua watu wengi namna ile baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakawatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Ndani ya basi moja mna watu wawili. Dereva amekaa karibu zamu nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi tangu asubuhi, anakata tiketi chini, anakata tiketi juu. Basi ni lile lile na barabara ni ile ile. Mwaka 1953 wakachapisha walichokikuta: madereva walipatwa na maradhi ya moyo kuwazidi makondakta, na walipopatwa, wengi zaidi walikufa mapema. Wakaenda kutazama posta nako. Wanaopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu waliokaa ndani.

Sasa suruali. Watu hao walikuwa wanavaa sare, na sare haishonwi bila kipimo. Mwaka 1956 wakina Morris wakachukua vile vipimo vya sare na kuvilinganisha, na viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta wa rika lao. Nilicheka peke yangu mpaka baba yako akaja kuangalia kuna nini. Miaka 30 naandika mambo hayo hayo bila kujua kwamba naandika udaktari! Mteja akihamishiwa ofisini mimi sihitaji kuambiwa. Anakuja na suruali mkononi, ananiambia kitambaa kimerudi. Namjibu ndiyo, vitambaa vya siku hizi si vya kuaminiwa, kisha naachia mshono nyuma, kimya kimya. Mwaka wa pili anarudi na mshono hauna tena cha kuachia.

Mdogo wako, ubishi wake unaujua, akasema, "Mama, labda wenye matumbo ndio waliopenda udereva tangu mwanzo." Nikamwambia amesema jambo la maana, na kumbe hata wao walilifikiria. Walipowagawa watu kwa maumbo yao, wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, bado moyo wa kondakta ulikuwa salama kuliko wa dereva mwenye umbo kama lake. Hapo niliweka kalamu chini nikakufikiria wewe. Kwa sababu jibu lako nalijua kabla hujalitoa: "Mama, mimi mwembamba." Najua wewe mwembamba, nimekushonea tangu ukiwa mchanga. Daktari hakusema kiuno chembamba kinamlinda aliyekaa.

Nilimuuliza muuguzi wa kliniki kwa nini alinihimiza nitembee baada ya kula, wakati mimi nilizoea kutembea kabla ya kulala, nikishakumbuka dhambi zangu za mchana. Akanieleza hivi. Sukari ikiingia kwenye damu, insulini ndiyo inayobisha hodi kwenye msuli ili sukari ipokelewe. Mwili kama wangu umeizoea ile hodi, hauitikii. Lakini msuli unaofanya kazi hausubiri hodi. Unafungua wenyewe na kuchukua sukari, insulini iwe imesikika au haikusikika. Ndiyo maana matembezi mafupi baada ya chakula yanafanya kazi hata kwa mwili mkaidi. Nilipenda maelezo yale kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alinieleza kinachotokea ndani, hakuniambia tu "fanya mazoezi" kama anayemkemea mtoto.

Akanipa na mfano wa Marekani. Watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijawa ugonjwa, yaani mimi kabisa. Kundi moja lilisaidiwa kula kwa mpango, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kujizoeza angalau dakika 150 kwa wiki, wengi wao kwa kutembea tu. Kundi jingine lilipewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari. Matokeo yalitoka mwaka 2002: wale wa kwanza hatari ya kuugua kisukari ilipungua kwa asilimia 58, wa vidonge kwa asilimia 31. Miguu ilishinda vidonge. Ila usije ukaigeuza habari hii kuwa kisingizio. Ukiandikiwa dawa ya presha, unameza, na unatembea pia.

Baba yako ulimwona mwenyewe siku alipotoka hospitali, sina la kukuongezea. Utakumbuka niliwalaumu wauguzi kwamba hawakumlisha, nikasema maneno ambayo sasa nikiyakumbuka naona haya. Haikuwa chakula. Kilikuwa kitanda. Suruali zake zote nilizipunguza mapajani, na mimi sijawahi kuipunguza suruali ya mtu mapajani bila kuipunguza kiunoni. Mdogo wako akanitafutia: mwaka 1966, kule Dallas, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu kwa makusudi ili wapimwe. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wakaitwa tena wale wale watano, sasa ni wazee wa miaka 50, wakapimwa. Wiki tatu za kitandani zilikuwa zimewashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Nilimwambia arudie kusoma, nikidhani amekosea.

Na mwisho wa habari hiyo ndio uliomwinua baba yako. Walipewa mazoezi ya taratibu kwa miezi sita wakiwa na umri huo, na pumzi yao ikarudi pale ilipokuwa ujanani kabla ya kile kitanda. Baba yako alijifanya hasikilizi. Kesho yake nilimkuta ameshika ukuta, anakwenda getini na kurudi, anahesabu kwa sauti ndogo. Sasa anafika kwa jirani wa tatu. Mkongojo anauficha nyuma ya mlango watu wasiuone, kisha anausahau ulipo, kisha nyumba nzima inautafuta. Ukipiga simu mwulize anafika wapi. Usimwambie nimekwambia.

Narudi kwako. Utaniambia una mazoezi yako ya Jumamosi. Ni mazuri na usiyaache. Lakini Jumamosi ni siku moja na kiti ni siku sita. Mwaka 2016 watafiti walikusanya taarifa za watu zaidi ya milioni 1, wakaona kwamba anayekaa zaidi ya saa nane kwa siku anahitaji kati ya dakika 60 na 75 za kujishughulisha kila siku ili hatari ya kile kiti iondoke. Kila siku, mama. Sikukatishi tamaa, na sitegemei uzipate zote. Nakuonyesha tu ukubwa wa deni, uone kwamba njia rahisi ni kupunguza kukopa.

Na ile saa yako ya mkononi inayohesabu hatua, usiifanye mungu. Namba ile ya hatua 10,000 haikuandikwa na daktari. Ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa kwa jina lenye maana ya kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa limegeuka amri ya dunia nzima. Juzi uliniambia umepata 4,000 ukaona hakuna maana, ukalala. Hapo namba imekudhuru. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na siku mbili za kuipa misuli kazi nzito. Zamani walidai ziwe dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe. Siku hizi wameliacha sharti hilo. Hata dakika tatu za ngazi zimo. Mwendo wa wastani unaupima hivi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nikikupigia ukiwa njiani nitajua. Ukiimba, ongeza mwendo.

Nimefikiri sana jinsi utakavyofanya, kwa sababu nakujua: ukiambiwa "jitahidi" unaitikia ndiyo na hakuna kinachotokea. Wewe ni mtu wa ratiba. Basi fanya hivi. Asubuhi vaa viatu, beba mfuko wako, toka kama unayekwenda kazini. Tembea mpaka kile kituo chako cha basi. Ukifika geuka, rudi nyumbani, ingia kazini. Jioni funga kompyuta, toka tena, "rudi nyumbani". Watu watakuona kichaa siku mbili, ya tatu watakuzoea. Njia yenyewe unaijua, miguu yako inaijua, huna haja ya kununua kitu. Sasa niambie hiyo ya asubuhi utatoka saa ngapi. Niandikie saa, usiniandikie "nitajitahidi".

Vile vikao vyenu ambavyo mtu mmoja anaongea na kumi wanasikiliza, visikilize ukiwa wima. Kwani masikio yanakaa kitini? Kila nusu saa inuka, hata kama ni kwenda dirishani kuangalia kama dunia bado ipo. Maji yanywee glasi ndogo, isiwe chupa kubwa mezani, ili ikuinue kwenda kujaza. Na hicho kiti chako, nilikisikia kikilia ukiwa unaongea nami, jifunze kuinuka bila kujishika na mikono. Mara kumi, upumzike, mara kumi tena. Unaona ni mchezo wa watoto, lakini mapaja yakizoea kuinuliwa na mikono, uzeeni mtu anashindwa kutoka chooni. Nimeona kwa shangazi yako na sitasema zaidi.

Mimi mwenyewe, ili usiseme nahubiri tu: nimeitoa mota kwenye cherehani. Nimerudisha mkanda na kanyagio kama zamani. Mota ile nilikuwa naringa nayo, unakumbuka, na ni kweli kazi ilikwenda haraka, ila tangu ilipoingia miguu yangu ilikufa pale chini kama ya mtu mwingine. Muuguzi nilipomwambia alicheka sana, akasema kukanyaga ni bora kuliko kukaa tu lakini nisithubutu kuliandika jambo hilo kwenye hesabu ya matembezi. Basi nimehamisha na pasi nikaiweka upande wa pili wa chumba, na mkasi mkubwa nimeutundika juu ya rafu. Kila pindo ni safari. Wateja wanauliza kwa nini fundi hatulii.

Na kuna jambo la kichwa, nalo nitalisema mara moja tu. Chumba kimoja, kiti kimoja, huoni mtu, husalimii mtu. Mwili ukitembea usingizi unakuja wenyewe na moyo hauwi mzito sana. Mwaka ule mbaya ulinificha mambo na mimi niliyaona. Sitaki mwaka mwingine kama ule ukukute umejifungia.

Nimeandika mpaka hapa nikasimama, nikazunguka cherehani, nikarudi. Kuna kitu nataka kukiandika na kalamu haitaki. Wewe hukuzaliwa mtu wa kukaa. Kile kigoda cha pembeni mwa cherehani unakikumbuka kuliko mimi. Wageni wakija nilikuwa nawaambia, "Huyu wangu katulia, ukimweka hapa utamkuta hapa hapa," nao wanakusifu, na wewe unazidi kutulia. Nilikuwa na sindano sakafuni na pasi ya moto na macho mawili tu. Watoto wengine walikuwa wanarudi na magoti yamechubuka, wangu hana hata kovu, nikaona nimelea. Siku hizi nikisoma kwamba mtoto anahitaji dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku, nahesabu dakika zako nakosa pa kuanzia. Lakini ndivyo tulivyoelewa wakati ule, mtoto mzuri ni mtoto asiyesikika.

Kwa kigoda nina sababu. Kwa ile kaptula ya bluu sina. Uliniomba mara ngapi vile, na mimi nikasema mbio ni za wale ambao kichwani hamna kitu. Tuliache hilo.

Mambo ya nyumbani. Paa linavuja juu ya chumba chako, pale pembeni pa dirisha. Tumeweka ndoo na fundi ameahidi kuja, ameahidi mara tatu. Maboksi yako nimeyasogeza yasilowe. Lile lenye madaftari ya shule sijui nifanye nini nalo, niambie kama nikuwekee au nigawe. Niliyabeba mwenyewe, moja moja, nikapumzika katikati, kwa hiyo usinigombeze. Muuguzi anasema kubeba vitu ni mazoezi ya misuli, mradi mgongo usipinde na magoti ndiyo yafanye kazi. Bomba la jikoni linadondosha. Pazia la sebuleni nimelibadilisha, la zamani nimelikata vitambaa vya kufutia. Jirani wa mbele anakusalimu sana, anauliza kama bado unakula kidogo. Mdogo wako anataka viatu vya mpira akimaliza mitihani, nimemwambia tutaona, naye alisema nikitaka watu watembee niwape viatu. Amerithi mdomo wa baba yake.

Miwani ya baba yako imepotea tena. Kama mara ya mwisho ulipokuja uliifungasha na vitu vyako kwa bahati mbaya, angalia kwenye mfuko ule wa pembeni.

Na presha, rudi kupimwa kabla hujaanza kazi ya chumbani. Umepumzika dakika tano, umekaa, miguu chini, mkono mezani. Uandike namba zote mbili uniambie, usiniambie "kidogo". Kidogo si namba.

Nilipokuwa napanga kabati kwa ajili ya ile mvua nilikikuta kile kitambaa cha bluu. Kimekaa kwenye karatasi yake miaka yote, hakijapauka, ni kizuri kuliko vinavyouzwa sasa. Nimekitandika mezani tangu jana. Chaki ninayo, ila kipimo nilichonacho kwenye daftari ni cha mtoto wa miaka 14. Chukua futi, simama wima, jipime kiuno na nyonga, na urefu kutoka kiunoni hadi juu ya goti. Usivute tumbo ndani, nitajua. Nitumie leo hii kwa simu, nataka iwe imekufikia kabla mwezi haujaisha. Na uniambie mfuko: niweke mmoja wa ufunguo, au unataka na wa simu?

Mama yako.